Somo la tovuti halihitaji intaneti

Mhariri,

Naomba walimu wa kompyuta hapa Tabora wasisubiri intaneti ndipo wafundishe kutengeneza tovuti. Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, Uswisi, hakutaka makubwa: ukurasa wa HTML, lugha ya alama ya kuandikia kurasa za wavuti, ni faili la maandishi tu, hadi leo. Notepad, programu ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, na kivinjari vinatosha.

Wanafunzi hukwama kwenye kuhifadhi. Notepad ikiongeza .txt mwishoni mwa jina, faili la index.html huwa index.html.txt, na kivinjari huonyesha alama zote kama zilivyoandikwa. Windows nayo huficha kiambishi hicho, kosa lisionekane! Kabla ya kuhifadhi, chagua faili za aina zote. JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa vitendo, iliyozaliwa mwaka 1995, ifuate baadaye. Nayo haidai seva, yaani kompyuta ya kuhudumia tovuti.

Mpenda kompyuta,
Tabora