Asumini haisubiri siku 7, acheni kuipulizia sumu

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua na mnivumilie nikirefusha kidogo, maana hili jambo halisemwi kabisa na sa hivi ndo wakati wake. Huku Tanga vuli imeshanyesha, mikrismasi ya barabarani imewaka nyekundu tupu, asumini zimebeba vitumba mpaka matawi yanainama, mrehani umechanua, na harusi ndo hizo kila wikiendi, yani kwa mtu anayependa maua huu ni mwezi wa kuamka mapema hata kama huna pa kwenda. Ila kuna harufu nyingine nayo imeingia kwenye bustani zetu, ya dawa ya wadudu, na hiyo ndo iliyonishikisha kalamu.

Kwa msomaji wa bara asiyekijua kikuba nieleze kidogo. Unachukua asumini, mrehani, kilua, langilangi, vipande vya mkadi, na waridi kama umelipata, unavifunga pamoja kwa uzi kiwe kifungu kidogo, mwanamke anakichomeka kwenye nywele au kifuani, na maua mengine yanatawanywa kitandani. Asumini inachumwa jioni ikiwa bado kitumba, inatungwa imefumba vile vile, halafu usiku yenyewe inafunguka na nyumba nzima inajua. Wa pwani hapa sijawafundisha kitu, nawakumbusha tu kwamba hilo ua linalala na mtu, liko sentimita chache na pua yake usiku kucha, na mtoto mchanga akiwa kitandani naye yumo.

Sasa nenda sokoni kaulizie dawa ya wadudu wa maua uone utakachopewa. Utaletewa chupa ya maji ya kunywa, haina kibandiko, ndani kuna kitu cheupe kama tui, na maelezo yenyewe ni "vifuniko viwili kwenye bomba, kesho humuoni mdudu". Ukiuliza dawa gani unajibiwa ya wadudu. Ukiuliza ya mdudu gani unaangaliwa kama umekuja kutafuta ugomvi. Mie nilikuwa bibi shamba mpaka nikastaafu kwa hiyo hayo maswali siachi kuyauliza, na wauzaji wameshanizoea, wengine wakiniona kwa mbali wanaficha hizo chupa chini ya meza.

Chupa ya kiwandani ina mambo mawili ambayo ya kupimiwa haina. La kwanza ni ule mstari wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu ni kali kuliko zote, halafu njano, halafu bluu, halafu kijani, na kijani nako haina maana uogee. La pili, ambalo ndo hasa nataka watu walishike, ni siku za kusubiri. Dawa yoyote iliyosajiliwa inaandikwa kwa zao gani na usubiri siku ngapi ndo uvune, nyanya labda siku 7, kabichi labda 14, inategemea na dawa, zile siku ni za dawa kuvunjika mpaka mabaki yapungue. Haya, sasa niambieni asumini unaisubiri vipi? Asumini inachumwa kila siku jioni! Kitumba cha leo usipokichuma leo usiku kinafunguka, kesho kimeanguka chini. Mtu akipiga dawa asubuhi, jioni anachuma, saa mbili usiku kiko kichwani kwa mtu, hiyo siku ya kusubiri haipo na haiwezi kuwepo. Hakuna kipimo wala kifuniko kitakachorekebisha hilo, ndo maana mie sisemi tupunguze dawa kwenye asumini, nasema isipigwe kabisa.

Na asumini siyo peke yake. Mrehani huo huo wa kikuba kuna nyumba unawekwa kwenye chai. Waridi linatwangwa kwenye singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, na bibi harusi anasuguliwa mwili mzima, siku kadhaa mfululizo, na ngozi iliyosuguliwa vile inapitisha vitu kirahisi zaidi kuliko ngozi ya kawaida. Halafu siku hizi waridi la kienyeji limekuwa adimu, watu wananunua yale ya shina refu ya dukani wanachambua petali. Jamani yale yamelimwa kwa ajili ya kutazamwa! Yanatoka kwenye mashamba makubwa ya Arusha kule Usa River au Naivasha kwa wenzetu Kenya, na soko la Ulaya linalonunua halitaki kuona hata shimo moja la mdudu kwenye jani, na kwa vile ua haliliwi hawaliwekei kiwango cha mwisho cha mabaki ya dawa kama wanavyoweka kwenye maharage mabichi. Ubelgiji watafiti walichunguza maua ya dukani wakakuta mabaki ya viuatilifu zaidi ya aina 100, waridi likiongoza, na mabaki hayo yalikuwa kwenye glavu za wanaofunga mashada. Hao wanafunga tu. Sisi tunasugulia bibi harusi.

Najua swali litakalokuja, sasa wadudu tufanyeje, tuwaangalie? Hapana. Lakini kwanza umjue mdudu wako. Kwenye asumini utakutana na wadudu mafuta, wale wadogo wanaojazana kwenye ncha changa, na wale weupe wenye kitu kama pamba, na utitiri wakati wa kiangazi, na kiwavi anayetoboa kitumba. Wadudu mafuta ukiona wamekithiri tazama kama sisimizi wanapanda na kushuka, maana sisimizi wanawachunga wale, wanakula ile sukari yao na wanawafukuza maadui zao, ukimzuia sisimizi kwa jivu hapo shinani kazi imepungua nusu. Maji ya mpira yenye nguvu chini ya majani yanaangusha wengi na hawarudi kirahisi. Sabuni ya mche ukiikuna ukaikoroga kwenye maji ukapuliza inawaua kwa kuwagusa, ikikauka haina kazi tena, na hapo sitaki mtu aniletee sabuni ya unga ya kufulia, ile inababua majani. Kitumba kilichotobolewa kichume ukichome moto, usikitupe hapo chini kiwavi akajifichia kwenye udongo.

Mwarobaini kila mtu anaujua kwa homa na vipele, ila kwenye bustani watu wanautumia wakitegemea uue kama umeme halafu wanakata tamaa. Haufanyi hivyo. Ile azadiraktini iliyomo inamkatisha mdudu hamu ya kula na inamvuruga asijivue gamba, kwa hiyo anadumaa na anakufa taratibu, na jua linaivunja haraka, so unatwanga majani au mbegu, unaloweka usiku, unachuja, unapuliza jua likizama, unarudia baada ya siku chache. Ila hata huo mwarobaini kwangu una wakati wake. Asumini ikiwa inatoa simwagii, natumia maji na vidole basi, kwa sababu uchungu wake unabaki kwenye ua na hakuna bibi harusi anayetaka kunukia dawa ya malaria. Napulizia baada ya kupogoa, wakati mti hauna ua, na kupogoa kwenyewe ni dawa: asumini inatoa maua kwenye tawi jipya, ukikata yaliyozeeka msimu ukiisha unapata machipukizi mengi na unaondoa makazi ya wadudu kwa wakati mmoja. Mbolea nayo muwe na kiasi, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na makumbi ya nazi yanatosha. Yule anayemwaga urea kila wiki majani yanakuwa mapana laini ya kupendeza, maua hamna, na wadudu mafuta wanahamia ukoo mzima.

Tena hizi dawa kali za kuua kila kitu zina ujinga wake mwingine, zinaua na wale wanaotusaidia. Kile kidudu cha mviringo chenye mgongo mwekundu na madoa meusi kinakula wadudu mafuta kuanzia utotoni mpaka ukubwani, ukipuliza kinaenda nao, halafu wadudu mafuta wanarudi kwanza kwa sababu wanazaliana haraka kuliko yeye, na utitiri ndo kabisa, kuna dawa ukipiga unauzidisha badala ya kuupunguza. Wazee wa minazi wanalijua hili siku nyingi kupitia maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani juu ya miti. Unguja miaka ya 1950 watafiti walionyesha kwamba mnazi wenye maji moto wengi haudondoshi madafu machanga ovyo, kwa sababu wanamfukuza yule kunguni anayenyonya nazi changa. Siwashauri muwaweke kwenye asumini, mtachuma huku mnalia, ila wakiwa juu ya mwembe waacheni.

Na kabla hamjaniandikia kwamba natangaza vya asili, niseme wazi: cha asili siyo lazima kiwe salama. Maji ya tumbaku ambayo watu wanachemsha wakijisifu yana nikotini, na nikotini ni sumu kali inayopita kwenye ngozi, mie siigusi. Pareto nayo ni ua, inalimwa Mbeya, Iringa na Njombe, inavunjika haraka juani na ni afadhali kuliko vingi vya sokoni, lakini inaua nyuki na samaki vile vile. Ukiipiga kwenye mrehani uliochanua saa nne asubuhi nyuki wakiwa kazini umefanya kosa lile lile la mwenye chupa.

Kuna wengine hawana shida na wadudu wa maua, wanapuliza kwa sababu ya mbu. Wanasema maua yanaleta mbu. Mbu hazaliwi kwenye jani, anazaliwa kwenye maji, na yule wa homa ya dengi iliyowasumbua Dar 2014 na tena 2019 hataki hata bwawa, anatosheka na ile sahani iliyo chini ya chungu, chombo cha maua mezani, kopo lililosahaulika nyuma ya kitalu. Kwenye joto letu kutoka yai mpaka kuruka ni kama wiki moja, kwa hiyo ukimwaga maji na kusugua hiyo sahani kila wiki umemmaliza kabla hajapata mbawa, na hujatumia hata senti.

Ombi langu kwenu mhariri ni dogo. Kurasa zenu za bustani ni nzuri na mie ni msomaji wake, ila huwa zinamalizia na "tumia dawa ya wadudu", basi. Dawa ipi? Ya zao gani? Kwa siku ngapi? Kiambato chake kitajwe, maana kuna sumu za wadudu kama klorpirifosi ambazo nchi za Mkataba wa Stockholm, ule wa kemikali zinazokaa muda mrefu bila kuoza, ziliziweka mwaka 2025 kwenye orodha ya kuondolewa duniani, zikaacha misamaha michache, na msomaji ana haki ya kujua kama ndo hicho alichomwagiwa kwenye chupa ya maji. Na nchi ina mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, makao yake makuu yako Arusha na ilitokana na sheria ya 2020, ningefurahi siku moja wachapishe kwenye gazeti lenu orodha ya dawa zinazoruhusiwa kwa maua ya kuvaa na kuoga. Nadhani itakuwa fupi sana, pengine karatasi tupu, na hilo nalo ni jibu.

Kwa wanunuzi, msimu huu mkienda kuagiza vikuba muulizeni mama anayetunga maua ameyatoa wapi na yamepigwa nini. Asione mmemkosea adabu, wanaotunga vizuri wanapenda kuulizwa. Ua la asumini lenye alama moja mbili za kahawia linanukia sawasawa na lisilo na alama, lile jeupe tupu kila siku ya Mungu ndo la kuulizia.

Na kwa anayetaka kuanza bila kuhangaika sana, apande mkilua. Huu ni wetu, mti wa misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya, kwenye vitabu vya mimea ni Mkilua fragrans, ukoo mmoja na mstafeli, mtopetope na huo mlangilangi ambao Wakomoro wanaukamulia mafuta ya manukato ya dunia nzima. Unapenda kivuli, kwa hiyo ile kona nyuma ya choo ambayo hakuna kinachoota inaufaa, haukui kwa pupa, na ua lake la kijani likianza kugeuka njano ndo linanukia zaidi. Miche ninayo kidogo, mtu wa Ngamiani anayenijua aje na kiriba chake na udongo, viriba vyangu vimeisha.

Bibi Shamba Mstaafu,
Ngamiani, Tanga.