Ahoy ni hodi ya baharini

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo uliyoniachia kwenye simu jana niliisikia nikikuna nazi, nikakumbuka kwamba nina neno lako tangu niliporudi Tanga. Leo mvua imenifungia ndani, wacha nilitoe.

Ile safari ya machweo uliyonipeleka niliifurahia mno. Nilikuona umeshika usukani, wageni wametulia kama watoto wa chekechea, nikamshukuru Mungu. Lakini ulipojifunga kile kitambaa cheusi jichoni, ukapiga ukelele wa "Ahoy!", ukanguruma "Arrr!", kisha ukawaambia kwamba hiyo ndiyo salamu ya maharamia, na kwamba watu wa nchi kavu ndio walioiharibu ikawa "hello", mimi nilitazama maji. Mama hamsahihishi mwanawe mbele ya wageni wake. Na bakshishi ilikuwa nzuri, kwa hiyo nikafunga mdomo.

Wala sikucheki, baba. Nimesomesha Kiingereza miaka 31, na mimi pia nimewalisha watoto wa watu uongo wa namna hiyo. Iko hadithi inayozunguka hadi leo kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba Alexander Graham Bell alikuwa na mpenzi aitwaye Margaret Hello, akamwita jina lake alipotengeneza simu, na ndiyo maana dunia nzima inasema "hello". Mimi niliipata kwa mwalimu mwenzangu ofisini, na siku hiyohiyo nikaiingiza darasani, kidato cha pili. Walipiga makofi. Hakuna somo la sarufi nililowahi kupigiwa makofi.

Baadaye nikasoma habari za Bell mwenyewe. Alimwoa Mabel Hubbard tarehe 11 Julai 1877, na Mabel alikuwa kiziwi tangu alipougua homa akiwa na miaka mitano. Mke wa mwenye simu hakuweza kuisikia simu. Kisa cha kweli kilikuwepo muda wote, kizito kuliko cha huyo Margaret, nami nilikuwa nimewagawia wanafunzi makapi.

Bell huyo angekupenda wewe, maana alitaka watu wakipokea simu waseme "ahoy", na yeye mwenyewe aliendelea nayo maisha yake yote. Aliyemzidi nguvu ni mvumbuzi mwenzake, Thomas Edison. Siku hizo simu haikuwa na kengele. Mlikuwa na waya uliounganishwa muda wote kati ya nyumba mbili, na shida ilikuwa namna ya kumshtua aliye upande wa pili. Tarehe 15 Agosti 1877 Edison alimwandikia bwana mmoja wa kampuni ya telegrafu huko Pittsburgh kwamba haoni haja ya kengele, kwa sababu "hello" inasikika futi 10 hadi 20 kutoka kwenye chombo. Kwa hiyo neno lilichaguliwa kwa sauti yake. Lilikuwa ukelele kabla ya kuwa salamu.

Na lilikuwepo kabla ya simu. Katika magazeti na vitabu vya Marekani linaonekana tangu miaka ya 1820, likiwa neno la kushangaa au kumwita mtu. Kaka zake, "hallo" na "hollo", ni wakubwa zaidi, maneno ya kumwita mtu aliye mbali na kuwachochea mbwa wa mawindo. Wapo wataalamu wanaoliunganisha na ukelele wa Kijerumani cha kale wa kumwita mwenye mashua ya kuvusha watu mtoni: njoo unichukue! Hapo ulikaribia kupatia, chombo kweli kimo. Ila ni cha nauli.

Sasa "ahoy" yako. Asili yake ni "hoy", kelele ya wachungaji wa Uingereza wakiswaga ng'ombe na nguruwe (usiwaambie wageni wakati wa chakula). Mahali pa mwanzo wataalamu wa kamusi wanapoinukuu kitabuni ni riwaya ya Tobias Smollett ya mwaka 1751, The Adventures of Peregrine Pickle, na hapo baharia haiiti merikebu. Anaita nyumba: "Ho! the house a hoy!" Nilipousoma mstari huo nilicheka peke yangu sebuleni. Si hodi hiyo? Mtu yuko nje, hajaonekana, anapaza sauti wenyewe wajue. Na kufikia mwaka huo haramia Blackbeard alikuwa ameuawa miaka 33 nyuma, 1718, na mwenzake Bartholomew Roberts mwaka 1722. Enzi ya maharamia wa hadithi zako ilikwisha kupita.

Walioishika "ahoy" barabara ni watu wa jeshi la majini la Uingereza. Mashua ikikaribia manowari usiku, mlinzi huita "Boat ahoy!", na jibu la mashua linaeleza nani yumo. "Aye aye" maana yake yumo afisa. "No no" maana yake hayumo. Akiwa ni nahodha wa manowari fulani, hujibu kwa jina la manowari yake tu. Akiwa ni admirali, "Flag". Na kama mashua inapita zake, haina haja nao, hujibu "Passing". Sisi mtu akibisha tunauliza "Nani?", naye anajibu "Mimi!", jibu ambalo halijawahi kumsaidia yeyote. Bibi yako alikuwa hafungui mlango kwa "mimi".

Lakini haramia hakuwa na haja ya kubisha hodi. Salamu yake ilikuwa bendera ya uongo. Alipandisha ya Kiingereza, ya Kifaransa, yoyote itakayomtuliza mwenzake, mpaka wakaribiane. Ndipo inashuka, na nyeusi inapanda. Wakiulizwa wanatoka wapi, walijibu "From the seas". Tunatoka baharini. Hawakutaja nchi wala bandari. Hiyo ndiyo salamu ya kuwasimulia wageni jua likizama, inatia baridi mgongoni.

Ukitaka haramia aliyepita karibu na kwetu, mchukue William Kidd, Mskoti. Mwaka 1697 alitia nanga Mwali, katika visiwa vya Komoro, kusafisha merikebu yake, na maradhi yakamwulia mabaharia wapatao 50. Januari 1698, nje ya pwani ya India, akaifuata merikebu iitwayo Quedagh Merchant, yenye mali za wafanyabiashara wa Kiarmenia, huku amepandisha bendera ya Ufaransa. Nahodha wa ile merikebu alidhani amekutana na Wafaransa, akatoa cheti cha usalama cha Kifaransa; Kidd, aliyekuwa na ruhusa ya mfalme wa Uingereza kukamata vyombo vya Ufaransa, akakifanya hicho cheti ndicho kisingizio cha kuiteka. Mahakama ya London haikumsikiliza. Walimnyonga hukohuko London, mahali paitwapo Wapping, tarehe 23 Mei 1701, na kamba ilikatika mara ya kwanza, wakampandisha tena.

Hiyo "Arrr!" nayo, wala si ya baharini. Ilienezwa na mwigizaji, Robert Newton, mzaliwa wa Dorset. Katika filamu ya Treasure Island ya mwaka 1950 aliitia chumvi lafudhi ya kusini magharibi mwa Uingereza, ambako mkulima akikubaliana nawe hujibu "arr", kama sisi tunavyosema "eeh". Kwa hiyo wewe kila jioni unawangurumia Waingereza "eeh" ya shamba kwao. Usiiache, lakini. Yule mtoto wa Kiitaliano aliyekaa karibu nami aliirudia mpaka tukashuka Forodhani.

Nikuongezee moja, mgeni wako akitoka Ucheki au Slovakia. Nchi zile hazina bahari hata kidogo, lakini watu wake wakikutana njiani husalimiana "ahoj", na wakiagana pia. Ilipendwa sana na vijana wa makasia kwenye mito yao kabla ya vita kuu ya pili. Ukimwamkia hivyo hatadhani unaigiza haramia. Atadhani umejifunza lugha yake, na hapo utaona bakshishi.

Mdogo wako anauliza kama utakuja Iddi. Kuna samli yako hapa, na dada yako amesuka ile mikeka uliyoagiza, zimebaki kingo tu.

Mwaka 1878 pale New Haven, Marekani, walitoa kitabu cha wenye simu, chenye maelekezo ndani. Mtu aanze maongezi kwa "Hulloa!", na akimaliza aseme "That is all." Niliutafakari sana mwisho huo, nikaona mbona tunao.

Haya, basi.

Mama yako