Kirusi kufubaa si kufutika

Mhariri,

Tunaomba nafasi tusahihishe maneno yanayozunguka kwenye mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba hadi kambi za wavuvi za Ukerewe: kwamba aliyepima wingi wa virusi akaambiwa "havionekani" ameshapona VVU, sasa vidonge vya nini? Hapo ndipo wauza mitishamba ya "kusafisha damu" wanapopata wateja.

Kipimo hicho husoma RNA, yaani vinasaba, ya virusi vinavyoelea kwenye plazma, yaani maji ya damu. Jibu likiwa chini ya nakala 50 kwa mililita, ni habari njema kweli: dawa zimezuia virusi visizaliane, na mtu akidumu hapo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Lakini kirusi kikishaingia kwenye chembe nyeupe ya CD4 hugeuza RNA yake kuwa DNA, kisha huishonea ndani ya vinasaba vya chembe yenyewe. Nyingi ya chembe hizo hufa. Chache hulala kwenye mitoki, wengu na utumbo bila kutengeneza kirusi hata kimoja, hivyo kinga haizitambui na vidonge havina cha kuzuia. Katika kila chembe milioni 1 za CD4 zilizotulia mwilini, zenye kirusi na zisizo nacho, takribani 1 tu ndiyo yenye kirusi kinachoweza kuamka, na akiba hiyo hupungua nusu kila baada ya miezi 44 hivi. Kwa mwendo huo, kuisubiri iishe ni zaidi ya miaka 70. Ukiacha dawa, virusi kwa kawaida hurudi ndani ya wiki mbili hadi nne.

Waliozipa jina "dawa za kufubaza" walijua wanachosema. Nguo iliyofubaa rangi bado ina rangi.

Nchini Marekani kuna mtoto wa Mississippi aliyezaliwa 2010 akaanzishiwa dawa akiwa na umri wa saa 30 hivi. Baadaye dawa zilikatizwa, akakaa miezi 27 bila virusi kuonekana, dunia ikashangilia. Mwaka 2014 vikarudi. Na sisi wenyewe tunaufahamu mkanda wa jeshi: ni kirusi kilekile cha tetekuwanga ya utotoni, ambacho DNA yake ilijificha miaka mingi kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo.

DNA hiyo iliyojificha huwachanganya hata wahudumu. Kwenye visiwa vya ziwani, pasipo na mashine ya kutenganisha plazma ndani ya saa 24, damu hudondoshwa kwenye kadi ya karatasi inayonyonya ikakaushwa. Kadi hubeba damu nzima, pamoja na chembe, na baadhi ya mashine huhesabu na DNA iliyomo. Jibu la nakala mia kadhaa kutoka kwenye kadi lisiwe sababu ya kumgombeza mgonjwa kwamba anaruka dozi.

Kwa mtoto mchanga wa mama mwenye VVU, DNA hiyohiyo ndiyo msaada wetu. Kingamwili za mama huweza kubaki mwilini mwake hadi miezi 18, kwa hiyo kipimo cha haraka, ambacho husaka kingamwili, kinaweza kusema uongo. Ndiyo maana akiwa na wiki nne hadi sita huchomwa kisigino ili itafutwe DNA ya kirusi chenyewe. Kadi ikaushwe kwa kulazwa, kivulini, saa nne au zaidi, duara za damu zisiguswe kwa vidole, kisha ifungwe na vipakiti vya kunyonya unyevu. Kwa unyevu huu wa ziwani, kadi iliyorundikwa ikiwa mbichi ni sampuli ya kutupa, na mama atatakiwa kuvuka maji tena.

Jambo la hatari zaidi halisemwi kabisa. Kirusi cha homa ya ini B nacho huacha DNA yake, iliyojifunga kama pete, ndani ya kiini cha chembe za ini. Tenofovir na lamivudine zilizomo kwenye kidonge kimoja cha kila siku hufubaza virusi vyote viwili. Mwenye maambukizi yote mawili akiacha kidonge hicho, ini linaweza kuvimba ghafla hata kushindwa kazi, naye akadhani macho ya njano ni malaria. Kabla dawa haijabadilishwa au kusimamishwa, ulizia kwanza kama umewahi kupimwa homa ya ini B.

Wataalamu wa maabara,
Mwanza