Barua kwa Mwanangu: Nywele za Mwanasesere wa Bibi Yako

Mwanangu mpenzi,

Picha ulizoniletea nimezitazama kwa makini, na nimefurahi mno kwamba hukukubali kumvalisha mwanasesere wa bibi yako wigi jipya la nailoni. Chapa iliyoko kisogoni, Armand Marseille 390, yaani jina la mtengenezaji na namba ya muundo wa kichwa, inaonyesha kwamba kichwa chake cha kauri kilitengenezwa Köppelsdorf, katika eneo la Thuringia nchini Ujerumani. Wigi lake ni la mohea, yaani singa za mbuzi wa Angora, na upara ulio upande wa kushoto ni kazi ya viwavi wa nondo.

Kwa hiyo, kabla ya yote, libandue wigi taratibu, lifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kisha liweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili. Mwanasesere mwenyewe usimtie humo, wala usimloweshe, kwa sababu kiwiliwili chake ni mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi ambao hulainika ukipata maji, na macho yake ya kioo yameshikizwa kwa plasta.

Baadaye lioshe wigi kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo, ukilibonyeza tu bila kulisugua. Singa zina magamba madogo sana ambayo hunasana zikisuguliwa, na zikishagandamana hazichambuliki tena. Ya mohea ni laini kuliko ya sufu ya kondoo, lakini nayo huharibika. Dawa ya klorini usiikaribie kabisa, kwani huyeyusha singa. Likikauka, lichane kwa kitana kuanzia ncha kuelekea mizizi, huku umeshika shina la kila fungu ili uzi wa zamani usikatike.

Pamoja na barua hii nakutumia fungu la mohea kutoka Afrika Kusini, ambako mbuzi hao walipelekwa kutoka Uturuki mwaka 1838, na ambako sasa ndiko inakotoka sehemu kubwa zaidi ya mohea duniani. Nimeichagua ile ya mbuzi wachanga, kwa kuwa ni nyembamba na huendana na uso mdogo. Nywele za binadamu zingeonekana nene mno juu ya kichwa kile. Rangi yake ni nyeupe, hivyo ichovye katika chai ya rangi iliyokolea na kupoa, lakini ujaribu kwanza kwa kishungi kimoja na ukitazame kikiwa kikavu, mchana, karibu na dirisha, maana singa zikilowa huonekana nyeusi kuliko zilivyo.

Kisha funga vishungi kwa mafundo juu ya nyuzi mbili zilizovutwa vizuri, upate safu ndefu, uishonee kwenye kofia ya shashi, kile kitambaa chepesi kinachoshika nywele za wigi, ukianzia chini kwenda juu, ili kila safu ifunike mshono wa iliyo chini yake. Nywele za zamani zilizosalia usizinyoe hata kidogo. Zilaze juu ya mpya. Mawimbi yatengeneze kwa kuzungusha vishungi vyenye unyevu kwenye mirija na kuviacha vikauke vyenyewe, bila pasi wala moto.

Wigi lirudishe kwa matone machache ya gundi ya wanga wa ngano, ambayo atakayelitengeneza baada yako ataweza kuilainisha kwa unyevu. Singa zilizong'oka ziweke katika bahasha ya karatasi, uandike ni za nani.

Mama yako akupendaye.