Akili mnemba haikuzaliwa mwaka 2022

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi zile wino wake unabaki vidoleni, na muda wote huo sijawahi kukuandikia. Yaliyonikera nilikuwa nayamaliza kijiweni na wazee wenzangu. Lakini ile makala yenu ya ukurasa mzima kuhusu akili mnemba, yenye picha ya roboti jeupe linalotabasamu, imenikaa kooni.

Mwandishi wenu anadai teknolojia hii ilizaliwa Novemba 2022, ilipotoka ChatGPT, ile programu ya kuchati na kompyuta, na kwamba dunia nzima ilishtukizwa. Dunia ipi? Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing aliuliza kama mashine inaweza kufikiri mwaka 1950, kwa maandishi, na jarida likachapisha. Mwaka 1956 mtaalamu wa kompyuta John McCarthy na wenzake walikutana Chuo cha Dartmouth, Marekani, na hilo jina la akili mnemba lilikuwa tayari kwenye andiko lao la kuombea fedha. Waliomba Wakfu wa Rockefeller dola 13,500, wakapewa 7,500. Waliamini watu 10 wakikaa pamoja miezi miwili watapiga hatua kubwa. Miezi miwili! Mwaka uliofuata mtafiti mwenzao Herbert Simon akatabiri kwamba ndani ya miaka 10 kompyuta itakuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Bingwa Garry Kasparov alikuja kufungwa na kompyuta ya Deep Blue mwaka 1997. Piga hesabu mwenyewe. Waingereza walichoka mapema: Profesa Lighthill alipotoa ripoti yake ya kuukosoa utafiti huu mwaka 1973, serikali yao ikakaza mkono. Hiyo ndiyo historia yenyewe: ahadi, fedha, aibu, kimya, halafu ahadi upya. Mngeiandika hivyo, wasomaji wangejua wako kwenye duru ya ngapi.

Utaniuliza, mwalimu, kwani wewe inakuuma nini? Inaniuma kwa sababu benki yangu, ambayo sitaitaja, nayo inasoma makala za namna hii na kuziamini. Ijumaa moja jioni mashine ya kutolea fedha ilinimezea kadi. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaelekezwa kuchati na "msaidizi wa kidijitali" mwenye jina la kike. Nikaandika: kadi yangu imemezwa. Akanipongeza, eti ninastahili mkopo. Nikaandika: sitaki mkopo, nataka kadi. Akanitajia ada ya kadi mpya. Nikaandika neno ambalo mwalimu hapaswi kuliandika, akanishukuru kwa maoni yangu mazuri. Jumatatu nimesimama tawini, kijana wa dirishani ananiambia, "Shikamoo mzee, mbona hukuchati?" Sasa sikiliza, mhariri. Mwaka 1966, pale chuo cha MIT, Marekani, Joseph Weizenbaum alitengeneza programu ya kuchati iitwayo ELIZA. Haikuwa na akili yoyote. Ilikuwa inadaka maneno yako na kukurudishia kama swali. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiihangaikia miezi kadhaa, alianza kuongea nayo, kisha akamwomba bosi atoke chumbani awaache faragha. Bwana yule aliogopa kuona watu wanavyodanganyika kirahisi, akaishia kuwa mkosoaji mkali wa fani yake mwenyewe. Karibu miaka 60 imepita. ELIZA angalau ingeniuliza kwa nini nasema kadi imemezwa!

Na waliofanya kazi mmewaruka. Mashine zilipoanza kutambua picha vizuri mwaka 2012, zilifundishwa kwa picha ambazo binadamu walikaa wakazipachika majina moja moja. Hazina ile ya picha, iitwayo ImageNet, ilifikia zaidi ya picha milioni 14. Na ChatGPT yenu hiyo isiyotukana, kuna vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa kila aina na kuuwekea alama ili mashine ijue lisilofaa. Habari hiyo ilitoka Januari 2023, kwa majirani zetu hapo. Kwenye ukurasa mzima hawakupata hata sentensi moja, ila roboti lilipata robo ukurasa.

Halafu, maadamu nimeshika kalamu: safu ya chemsha bongo ilienda wapi? Zamani ukurasa wa mwisho ulikuwa na fumbo la drafti. Siku hizi ni mikeka ya kubeti mwanzo mwisho. Mnajua kwamba Arthur Samuel wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliifundisha kompyuta kujifunza yenyewe kwa kucheza drafti, akachapisha mwaka 1959? Na kwamba mwaka 2007 kina Jonathan Schaeffer, huko Canada, walithibitisha kuwa wachezaji wawili wasiokosea lazima watoke sare? Ni drafti ya Kizungu, kingi wao haruki ubao mzima kama wetu, lakini kijiweni kwangu habari hiyo ingeuza gazeti kuliko mkeka wowote.

Dawa yake ni ndogo. Mchukueni mwandishi wenu, mpeni nauli na hela ya chai, akashinde maktaba ya mkoa Jumamosi mbili, simu yake ibaki mapokezi. Akirudi, chapeni sahihisho lenye ukubwa uleule wa roboti. Nafasi ikikosekana, ng'oeni mkeka mmoja. Na benki yangu, kama mnaipelekea nakala, iweke binadamu mmoja na benchi siku ya Jumamosi. Si lazima atabasamu.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Morogoro