Tusikague mlango tukaiacha fremu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye majengo, wasimamizi wao na mafundi wenzangu kuhusu fremu za milango ya kuzuia moto.

Mlango wenyewe siku hizi unakaguliwa. Mkaguzi anafika, anaufungua, anauachia, na ukijifunga anatia tiki kwenye fomu na kupanda ghorofa inayofuata. Fremu haitazamwi kabisa. Ilhali mlango ulioandikwa kwamba unahimili moto kwa dakika 30 au 60 ulijaribiwa ndani ya tanuri ukiwa pamoja na fremu, bawaba, kitasa na ule ukanda unaovimba kwa joto. Fremu ikishaharibika, hakuna tena wa kuapa kwamba dakika hizo zipo, hata kama kibandiko bado kiko mahali pake.

Mimi ni seremala, na ubovu ninaoukuta mara nyingi uko kwenye bawaba ya juu. Milango hii ni mizito, na bawaba ya juu ndiyo inayovutwa zaidi, kwa hiyo mwimo, yaani mbao ya wima ya fremu, hupasuka kufuata mstari wa skrubu. Anayeitwa kutengeneza anachomeka vijiti na gundi kwenye matundu, anarudisha skrubu zilezile, anapiga rangi. Ukitazama kwa mbali hutaona kasoro. Lakini ufungue mlango nusu, weka kidole pale bawaba inapokaa kwenye mwimo, kisha ushike kitasa na kuuinua mlango kidogo: utasikia mbao inacheza chini ya kidole. Mlango wa namna hiyo hulalia upande wa kitasa. Chini unakwaruza sakafu, juu unaacha upenyo.

Upenyo huo ndio unaonitia hofu. Kwa kawaida nafasi kati ya mlango na fremu, juu na pembeni, huwa milimita 2 hadi 4. Ukanda unaovimba umetengenezwa uzibe nafasi ya kiasi hicho; ukiachiwa sentimita nzima utashindwa. Tena moshi hausubiri ukanda uvimbe. Hupita mapema, kabla joto halijafika mlangoni, na ndio unaoua watu walio mbali na moto. Januari 2022, jengo la Twin Parks lililoko Bronx, New York, lilipowaka, watu 17 walikufa kwa kuvuta moshi. Milango iliyopaswa kujifunga yenyewe ilibaki wazi. Mlango hukataa kujifunga kwa sababu mbalimbali, lakini ikiwa tatizo ni fremu iliyolegea au kupinda, hata ubadilishe kifaa cha kujifungia mara ngapi, utarudi palepale.

Dalili nyingine mtu yeyote anaweza kuziona akiinama kidogo: skrubu zilizopungua, kutu chini ya fremu ya chuma pale maji ya kudeki yanapotuama, tundu lililotobolewa kupitisha waya, ule ukanda wa brashi wa kuzuia moshi, ulio ukingoni, umegandishwa na rangi. Ngumu kuonekana ni ile iliyojificha nyuma ya urembo wa mbao unaozunguka fremu. Ubandue, na mara nyingi utakuta nafasi kati ya fremu na ukuta imejazwa povu la kawaida, ambalo moto hulila upesi, au haikujazwa chochote. Hapo panatakiwa sufi ya madini (nyuzi za mawe zisizoungua) na dawa ya kuziba mianya inayozuia moto, vya aina iliyopimwa kwa kazi hiyo.

Si kila ufa unadai fremu mpya. Palipochanika kidogo panaweza kukatwa, pakaingizwa kipande cha mbao ngumu isiyo ya aina nyepesi kuliko mbao ya fremu, kikabana sawasawa bila mwanya, ilimradi maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu. Puti ya kawaida si dawa. Na fremu iliyong'oka ukutani, iliyopasuka kutoka upande huu hadi wa pili, au iliyotobolewa na kutu, tusipoteze muda kuibembeleza: itolewe pamoja na mlango wake, iwekwe seti nyingine iliyopimwa pamoja.

Huko England, tangu tarehe 23 Januari 2023, sheria inataka milango ya kuzuia moto ya maeneo ya pamoja katika majengo ya makazi yenye kimo kinachozidi mita 11 ikaguliwe kila baada ya miezi 3. Ni utaratibu wa kuigwa, ila nawasihi wasimamizi wa majengo popote walipo waongeze safu ya fremu kwenye fomu zao, na wawasikilize wasafishaji na walinzi, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kuona mlango umeanza kukwaruza. Mlango wenye fremu iliyopasuka usitiwe tiki ati fedha za matengenezo bado hazijatoka. Uandikwe kuwa ni mbovu, tarehe iwekwe, na liandikwe jina la aliyekabidhiwa kuutengeneza.

Wasalaam,
Fundi seremala, msomaji wako