Namba ya msemaji si yangu kuigawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wanaisimu wenzangu, hasa wale wanaotuandikia kuomba msaada wa utafiti.

Majuzi nilipata ombi la mistari miwili: "Naomba data zozote ulizonazo kuhusu toni, pamoja na namba za simu za wasemaji uliofanya nao kazi. Natanguliza shukrani." Toni (yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika neno) ya nini, hakusema. Ya nomino au ya vitenzi? Katika njeo ipi? Amekwisha kusoma nini, amekwama wapi? Hata hivyo nilimtumia rekodi za vitenzi na unukuzi wake. Namba za wasemaji, yaani wenye lugha wanaotujibu maswali yetu, sikumpa, nilimwambia ngoja kwanza niwaulize wenyewe. Akanuna, akaniandikia kwamba elimu haina mwenyewe.

Elimu sawa. Simu ya mama wa watu ina mwenyewe.

Huyo mama ni mmoja wa wasemaji hao, namjua. Siku ya kwanza nilipokwenda kwake nilikuwa na orodha ya Swadesh, ile fupi ya maneno 100 ambayo kila mwanafunzi wa isimu huanza nayo uwandani: mimi, wewe, damu, mfupa, jiwe, moto. Alijibu vizuri tu mpaka nilipofika kwenye "chawa". Hapo akavua miwani, akaiweka mezani, akaniuliza, "Hivi, mwanangu, wale wenzako wawili waliokuja kabla yako, majibu yangu waliyapeleka wapi?" Nilikuwa mtu wa tatu kumuuliza habari za chawa. Baadaye nilimtafuta mmoja wa wale wawili. Rekodi zake zilikuwa kwenye droo, ndani ya kaseti iliyoandikwa "Upande B" na si neno lingine.

Kwa hiyo wanaoficha data nao nina ugomvi nao, pengine mkubwa zaidi. John Peabody Harrington, aliyerekodi lugha za wenyeji wa California tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, aliogopa mno wenzake wasije wakamwingilia, hata akawaagiza wasaidizi wake wasiseme yuko wapi. Alipofariki mwaka 1961 aliacha kurasa zinazokadiriwa kufikia milioni 1, nyingine kwenye masanduku yaliyotawanyika kwenye maghala. Leo wajukuu wa wasemaji wale wanajifunzia lugha zao kutoka kwenye karatasi hizo, na ni bahati tu kwamba hazikutupwa. Mtafiti akikalia data, anayesumbuliwa ni msemaji, maana mgeni ajaye ataanza naye upya kuanzia "mimi" na "wewe".

Rekodi tuzitoe, basi. Hifadhi za kidijitali zipo. PARADISEC ya Australia, kwa mfano, inafanya kazi hiyo tangu 2003, na unapoweka rekodi unaweza kueleza nani aruhusiwe kuisikiliza na kwa masharti gani. Anayeomba naye aeleze anatafuta nini hasa, na atarudisha nini: unukuzi uliosahihishwa, nakala ya makala, chochote. Ombi la "data zozote" hunichukua siku nzima ya kufungua mafaili nikibahatisha. Swali moja la njeo moja nalijibu kabla chai haijapoa.

Lakini jina, namba na njia ya kwenda nyumbani kwa mtu havimo kwenye data. Alinipa mimi, kwa kazi niliyomweleza siku ile. Hata fomu ya ridhaa aliyotia saini haikusema nitamgawa.

Kwa yule mwenzangu aliyenuna: mama nimempigia. Amekubali, kwa masharti mawili. Upige jioni, na orodha ya chawa uiache huko huko. Namba nitakutumia ukishanijibu unatafuta toni ya nini.

Mwanaisimu mwenzenu